Kuku wameacha kutaga, na mume wangu anataka tuwauze

BARUA

Mwalimu,

Hujambo, na pole kwa kazi. Mimi ni mama wa watoto pacha. Tunaishi Uthiru, kwenye ploti ya nyumba nne yenye uwanja mdogo nyuma. Mwaka jana nilimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kufuga kuku wachache, akakubali mradi wasisumbue wapangaji wengine. Nikanunua mitetea kumi na wawili ya rangi ya kahawia, wale wa mayai, wakiwa karibu kuanza kutaga, na jogoo mmoja wa kienyeji kwa sababu niliambiwa bila jogoo hawatatulia kutaga. Walianza mwezi wa kumi na moja. Kufikia Krismasi nilikuwa naokota mayai tisa, siku nyingine kumi. Tulikula, nikauzia majirani, na mambo madogo madogo ya shule ya watoto yalitoka hapo.

Tangu mwezi wa sita mambo yamegeuka. Mayai yalishuka hadi sita, kisha manne, na wiki hii naokota mawili, siku nyingine moja. Mengine ganda lake ni laini, ukilishika linabonyea. Jioni nikirudi kutoka kazini nakuta nyasi za kiota zimelowa na kugandana. Kuku wenyewe hawaonekani wagonjwa. Wanakula, tena wanakula kupita kiasi. Gunia la kilo 70 lilikuwa halimalizi hata wiki nne, na bei yake sasa ni zaidi ya shilingi elfu tatu. Kwa hiyo tangu mwezi wa tano nachanganya debe moja la chakula cha kuku wa mayai na debe moja la pumba za mahindi, halafu jioni nawatupia mabaki ya jikoni: ugali, githeri, maganda ya viazi na ya avokado.

Baridi ilipoingia nilizungushia banda karatasi ya nailoni nyeusi pande zote wasiumie. Tangu hapo harufu imekuwa kali. Jirani tunayepakana ukuta ni kijana anayefanya kazi ya ulinzi usiku na kulala mchana. Amelalamikia harufu, na zaidi jogoo anayewika juu ya kichwa chake mchana kutwa. Ameniambia kwa heshima kwamba hali ikiendelea atamwambia mwenye nyumba. Simlaumu.

Mwezi uliopita kuku mmoja alikufa ghafla, nikamtupa kwenye takataka. Nilikwenda agroveti nikauziwa pakiti ya unga wa njano wa kutia kwenye maji. Nimeumaliza juzi, na sioni tofauti. Muuzaji anasema nirudie, safari hii kwa pakiti kubwa. Maji nayo huku kwetu huja siku mbili kwa wiki, siku nyingine nanunua kwa mtungi. Kuku nawawekea kwenye sufuria asubuhi, na mara nyingi jioni naikuta imepinduliwa.

Baba Pacha anasema wamezeeka. Anataka tuwauze kwa mwenye hoteli kabla ya mwezi huu kuisha, tununue mayai dukani kama watu wengine. Mimi sitaki, lakini sina jibu la kumpa. Je, wamezeeka kweli? Ni ugonjwa? Na huyu kijana jirani nifanye naye nini?

Mama Pacha, Uthiru

JIBU

Mama Pacha,

Usiwauze, na hiyo pakiti kubwa usiinunue. Kwa unavyoeleza, kuku wako bado wanataga. Mayai yanaliwa humo bandani kabla hujafika nyumbani. Yanaliwa kwa sababu maganda yamekuwa membamba, na maganda yamekuwa membamba kwa sababu ya pumba.

Nyasi zilizolowa ndizo zimesema yote. Kuku akipasua yai habakizi kitu: hunywa ute, hula kiini, na ganda hulimeza pia. Kinachobaki ni unyevu na nyasi zilizoshikana. Leo usiku, wakishapanda kulala, ingia na tochi uwatazame midomo. Mwenye ukoko wa njano pembeni mwa mdomo, au manyoya ya shingoni yaliyogandana, huyo ni mmoja wa wala mayai.

Ukiwa humo na tochi, fanya jambo la pili, na ukiweza mwite Baba Pacha akushikie mwanga. Mtoe kuku mmoja mmoja taratibu, mweke kwapani kichwa kikielekea nyuma yako. Chini ya mkia, upande huu na huu wa tundu la kutagia, utagusa mifupa miwili myembamba yenye ncha. Weka vidole katikati yake. Kwa kuku anayetaga, mifupa hiyo imeachana kwa upana wa vidole viwili au vitatu na ukiibonyeza inanesa, na tundu ni pana na lina unyevu. Kwa asiyetaga, kidole kimoja kinapita kwa shida, na tundu limesinyaa na kukauka. Tazama pia undu, ile nyama ya kichwani. Wa mtagaji ni mwekundu na umejaa. Wa aliyesimama umenywea na kupauka. Miguu ndiyo ushahidi wa tatu: mitetea hii ya kahawia huanza kutaga ikiwa na miguu ya njano, na njano hiyo hupungua kadiri wanavyoendelea kutaga. Ukikuta miguu iliyopauka, huyo hajapumzika. Kila mwenye mifupa iliyobana, mfunge uzi wa rangi mguuni umjue mchana. Sitarajii wawe zaidi ya wawili au watatu.

Kuhusu uzee, Baba Pacha amekosea. Mitetea iliyoanza kutaga mwezi wa kumi na moja ilikuwa na miezi mitano hivi. Leo hawajafika mwaka na nusu, na kuku wa mayai anayetunzwa hutaga vizuri hadi afike hapo ndipo anyonyoke manyoya na kupumzika.

Sasa chakula, maana hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kuku mmoja hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na chakula kilichotengenezwa kwa kuku wanaotaga huwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4. Hiyo ni kama gramu 4 na kitu kwa siku, na kinachoingia mwilini ni karibu nusu yake. Yaani kinatosha ganda moja, bila akiba ya maana. Pumba za mahindi hazina kalsiamu ya kutajika. Ulipochanganya debe kwa debe ulipunguza sana kile kinachojenga ganda, na protini ikashuka pia. Kuku hakukuonyesha siku ileile kwa sababu alikuwa anachota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Ilipofika Juni akiba ikawa imepungua, ganda likawa jembamba, yai likapasuka lilipokanyagwa na mwenzake kiotani, mmoja akaonja na wengine wakamfuata. Tabia hiyo huenea haraka sana.

Rudisha chakula kamili kuanzia kesho, bila pumba hata kidogo. Najua bei ya gunia inauma. Lakini hebu tuhesabu pamoja, kwa sababu naona unalisha wengine ambao hukuwanunua. Kuku kumi na wawili na jogoo wao, kila mmoja gramu 120, ni kama kilo moja na nusu kwa siku. Gunia la kilo 70 lilipaswa kukufikisha siku 44 hivi. Lako lilikuwa halifiki wiki nne. Kuna kilo 25 na zaidi kwa kila gunia zinazokwenda kwa panya, kwa shomoro, na chini kwenye uchafu. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya fedha yako. Kilichokulazimisha kununua pumba ni panya, Mama Pacha, wala si ulafi wa kuku. Na panya anayekula chakula usiku huchukua na yai akilikuta.

Mwone fundi wa jua kali, Kangemi na Kawangware wapo wengi, akutengenezee chombo cha bati cha kuning'iniza chenye ukingo uliokunjwa kwa ndani. Kining'inize kifike usawa wa mgongo wa kuku. Ukikiweka chini watachakura na kumwaga. Ukijaze theluthi moja tu kwa mara moja, na jioni ukitoe ukiingize ndani ya nyumba. Gunia likae kwenye pipa la bati lenye kifuniko. Sehemu ya chini ya banda, badala ya ule waya mwembamba wa kuku ambao panya mdogo anapita na mkubwa anautafuna, weka waya mgumu uliochomelewa wenye matundu ya nusu inchi. Usitumie sumu ya panya bandani wala karibu nalo. Kuku hudonoa kila kitu, hata panya aliyekufa kwa sumu.

Kuna kitu kimoja zaidi cha kuharakisha maganda. Ganda hujengwa kwa muda wa saa 20 hivi tumboni mwa kuku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku wakati hali chakula. Kwa hiyo ukirudi jioni wawekee kwenye kopo la pembeni chokaa ya mifugo au maganda ya chaza yaliyosagwa, yanayouzwa agroveti, wadonoe wenyewe kabla ya kulala. Usichanganye na chakula, kila mmoja atachukua anachohitaji. Maganda ya mayai ya jikoni pia yanafaa, lakini yakaushe motoni na uyatwange yawe kama unga. Ukiwapa vipande vikubwa unawafundisha tena sura ya yai. Ndani ya wiki moja au mbili utaona maganda yameanza kuwa magumu.

Mabaki ya jikoni nayapunguza hivi: kidogo tu, baada ya kuwa wamekula chakula chao, kiasi wanachomaliza kwa dakika kumi. Kipande cha ugali hakina neno. Majani ya terere au sukuma wiki yafunge fungu uyaning'inize, watashughulika nayo na kiini cha yai kitakuwa na rangi nzuri. Lakini avokado acha kabisa, ganda, kokwa na yote, kwa maana lina sumu inayodhuru moyo wa ndege. Githeri yenye maharagwe ambayo hayajaiva vizuri usiwape, wala maganda ya viazi yaliyogeuka kijani. Na mahindi au pumba zenye ukungu zitupe, zina sumukuvu, ambayo inaweza kuwaua kuku na pia kufika kwenye yai mnalokula.

Viota sasa. Kuku kumi na mmoja wanahitaji vitatu, kila kimoja upana na kina cha sentimita 30 hivi, viwe juu ya ardhi, vijazwe maranda, na mbele vining'inizwe kipande cha gunia ili ndani kuwe giza. Kuku hapendi kudonoa asichokiona. Kama mfuko unaruhusu, mwambie fundi atengeneze sakafu ya kiota inayoinama kidogo kuelekea nyuma, yai likitagwa liteleze lenyewe hadi kwenye kijisanduku kilichofunikwa ambako kuku hafiki. Hiyo ndiyo dawa ya uhakika kuliko zote za kula mayai, na ukishaitengeneza hutaifikiria tena. Ndani ya viota weka mawe meupe laini ya umbo la yai. Watayadonoa, watachoka.

Utaambiwa na wengi utoboe yai, utie pilipili, wale wakome. Usipoteze pilipili yako. Ndege hahisi ukali wa pilipili kama sisi.

Kuku wengi hutaga kati ya alfajiri na saa tano asubuhi. Wewe unatoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo yai linakaa kiotani mchana kutwa likikanyagwa. Tafuta mtu mmoja anayeshinda hapo ploti, labda mama anayeuza mboga langoni au dada wa kazi wa jirani, aokote saa nne na mara nyingine saa nane. Mlipe kwa mayai, baada ya siku za dawa kuisha kama nitakavyoeleza. Mayai mawili kwa siku kumpa yeye yatakuokolea sita.

Maji ndiyo nisingependa uyachukulie kijuujuu. Robo tatu ya yai, ukiondoa ganda, ni maji. Kuku mmoja anakunywa kama robo lita kwa siku, na wote kumi na mmoja hawazidi lita tatu. Sufuria ikipinduliwa saa mbili asubuhi nawe unarudi saa moja usiku, kuku wameshinda na kiu, na siku moja ya namna hiyo inaweza kuwashusha kutaga kwa siku kadhaa hata kama chakula ni kizuri. Nunua chombo cha maji cha plastiki cha lita tano, kile cha kugeuza, ukiweke juu ya matofali mawili wasikitie uchafu. Siku za bomba kukauka, toa lita zao tatu kwanza kwenye mtungi kabla ya kuanza kupika.

Hiyo sufuria iliyopinduliwa ndiyo pia inayokuletea harufu. Maji yanaingia kwenye kinyesi, nailoni inazuia hewa, na kinachotoka ni ule ukali unaochoma macho. Unauma macho na vifua vya kuku kabla haujamfikia jirani. Najua uliwafunika kwa huruma. Lakini usiku wa Julai hapa Nairobi, hata ukishuka hadi nyuzi 10 au 11, kuku mzima mwenye manyoya yake anaumudu. Kinachomuumiza ni upepo unaompiga akiwa amelala, na unyevu. Acha nailoni ifunike kuanzia chini mpaka usawa wa kichwa cha kuku aliyepanda kulala, na juu ya hapo iondoe kabisa kote, ubaki waya tu, hewa itoke. Mwanga nao utaingia, na umepungua mno humo kwa hiyo nailoni nyeusi. Sisi tuko karibu na ikweta na siku yetu ni ya saa 12 mwaka mzima, ilhali kuku wa mayai hutaga kwa nguvu zake zote akipata saa 14 hadi 16. Baadaye unaweza kuweka balbu ndogo ya wati 5 iwake kuanzia saa kumi alfajiri hadi kupambazuke. Haitakula hata uniti moja ya stima kwa mwezi. Nasema baadaye. Kumwongezea kuku mwanga wakati hana kalsiamu ni kumkamua mifupa.

Jumamosi hii toa matandiko yote yaliyolowa, tandaza maranda makavu unene wa sentimita 10, na uyageuze kwa reki kila siku mbili. Yapime kwa mkono: chukua konzi, kaza, achilia. Yakisambaratika ni mazuri. Yakibaki bonge ni mabichi, yatoe. Kinyesi ukitie kwenye magunia, na wakulima wa mboga wa huko kwenu watakuja kukichukua wenyewe.

Jogoo aondoke. Mtetea hutaga bila jogoo, yeye kazi yake ni kurutubisha mayai ya kutotolesha, na wewe hutotoleshi. Nenda kwa huyo kijana alasiri, akiwa ameamka na kabla hajaondoka kazini, umwambie jogoo anaondoka lini na banda linasafishwa lini. Mwambie kabla hujafanya, halafu ulifanye siku ileile uliyosema. Mtu aliyekuja kwako kwa heshima badala ya kwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba ni jirani wa kutunza. Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 inatambua kilimo na ufugaji mjini Nairobi, lakini haikuruhusu kuwa kero kwa wengine, na ruhusa yako kwa mwenye nyumba ilikuwa na sharti hilohilo.

Usimpelekee mayai bado, na jogoo asichinjwe wiki hii. Ule unga wa njano, kwa unavyoueleza, inaelekea ni antibaiotiki. Walikunywa wote, na dawa hubaki ndani ya nyama na mayai kwa siku kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Soma kibandiko cha pakiti. Kuna idadi ya siku za kusubiri, na dawa nyingine zimeandikwa wazi kwamba hazifai kwa kuku ambao mayai yao yanaliwa. Kama uliitupa pakiti, rudi uliponunua uonyeshwe nyingine kama hiyo. Mpaka siku hizo ziishe, mayai yatupwe, watoto wasiyale. Hili linaniudhi kila ninapolisikia, jinsi mama mwenye shida ya chakula anavyouziwa dawa ya vijidudu bila mtu kumwuliza kuku wake wanakula nini. Dawa zinazotumiwa ovyo hivyo zinakuja kushindwa kazi siku mtoto anapozihitaji.

Kuku akifa ghafla tena usimtupe. Uko Uthiru, na maabara za mifugo za Kabete, ya serikali na ya chuo kikuu, ziko karibu nawe kuliko ilivyo kwa wafugaji wengi nchini. Mfunge kwenye mifuko miwili, mweke mahali pa baridi bila kumgandisha, umpeleke mapema siku hiyohiyo akapasuliwe. Nauli ya matatu na ada ya uchunguzi ni afadhali kuliko pakiti tatu za kubahatisha.

Halafu, barua yako nzima haitaji chanjo popote. Kideri, yaani Newcastle, hakina tiba, na kikiingia bandani kinaweza kuwamaliza wote kwa siku chache: kuhara kijani, kuhema mdomo wazi, shingo kupinda. Chanjo yake hutengenezwa humu nchini na KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, na inauzwa agroveti, na kwa kundi kama lako irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Chupa ndogo ina dozi nyingi kuliko kuku ulio nao, kwa hiyo ungana na wafugaji wenzako wa mtaa mchanje asubuhi moja. Ibebe kwenye barafu. Usitumie maji ya bomba moja kwa moja, klorini huua chanjo, tumia ya mvua au yaliyolala wazi usiku kucha. Wanyime maji saa moja au mbili kwanza, kisha wape yenye chanjo wayamalize ndani ya saa mbili. Subiri kama wiki mbili baada ya mabadiliko haya ya chakula, wakiwa wametulia, ndipo uwachanje.

Umesema huna jibu la kumpa Baba Pacha. Mpe hesabu. Kuku kumi na mmoja watakula kilo 40 kwa mwezi, gunia moja litawafikisha siku 53 panya wakizuiwa. Wakirudi kwenye mayai manane kwa siku, na sioni kwa nini wasirudi, hayo ni 240 kwa mwezi, kreti nane. Aweke bei ya leo ya gunia upande mmoja na bei ya kreti upande wa pili aone mwenyewe. Mwombe wiki tatu, na daftari moja la kuandika kila jioni mayai yaliyookotwa na chakula kilichotoka. Wiki ya tatu ikiisha, ingieni tena na tochi, mpime mifupa ya wale wenye uzi mguuni. Ambaye bado amebana, na yule ambaye bado ana kiini mdomoni hata baada ya viota vipya, hao muuzieni mwenye hoteli, siku za dawa zikiwa zimeshapita.